Nisamehe ya Nyumbani kwa Honorata

Mama mdogo Honorata anajulikana mtaani Buzebazeba kwa vitu viwili: sauti yake na watoto wake. Sauti inasikika mpaka relini. Watoto hawasikiki kabisa. Akina mama wa mtaani wakitaka kuwasema watoto wao huwatajia wa Honorata, hasa yule mkubwa, Scola, msichana wa miaka kumi na saba, kidato cha nne. Ukikutana naye njiani anasimama pembeni, anashusha macho, anapiga goti nusu na kukuamkia, hata kama umemzidi miaka michache na huna chochote maishani kinachostahili shikamoo. Mimi ananiamkia. Mnaonijua mmeshaona tatizo lilipo.

Wageni wakimwona husema huyu ni mtoto aliyelelewa. Ni kweli, alilelewa, na nitaeleza alivyolelewa, maana hakudondoka toka mbinguni akiwa amepiga goti.

Honorata alizaliwa Kidahwe, kwenye barabara ya Kasulu, nyumbani kwa mzee Telesphory, babu yangu mzaa mama, Mungu amweke panapomstahili, mimi sipendekezi. Mzee alilima muhogo, alilima michikichi, na alikuwa na hasira ambayo haikuhitaji mvua ili istawi. Bibi hakuweza kuuzuia mkono wa mumewe, kwa hiyo aliwafundisha binti zake neno la kujikingia: mbabarira. Ukisikia tu mzee ameanza kuuliza, hata hujajua anauliza nini, unapiga goti na kulisema. Aliyewahi alipata nusu ya kipigo. Honorata aliwahi siku zote. Mama yangu, dada yake, alikuwa mbishi, akawa anapata kipigo chake na ile nusu iliyobaki ya mdogo wake.

Sasa sikilizeni neno lenyewe, kwa sababu kila kitu kimetokea humo. Kwetu sisi Waha mbabarira unamwambia mtu aliyeshika fimbo, lakini pia unamwambia aliyeshika kata ya maji nawe una kiu. Maana yake nionee huruma. Halisemi kwamba umekosa. Ukilivusha kwenda kwenye Kiswahili mbiombio linakuwa "nisamehe", na likishafika huko linabeba kosa mgongoni ambalo lilipotoka nyumbani halikuwa nalo.

Honorata alipoolewa na Yona wakahamia mjini, aliamua watoto wake wataongea Kiswahili tu, wasije wakachekwa shuleni kama alivyochekwa yeye. Akatafsiri kila kitu alichopewa na mama yake, na lile neno akalitafsiri vilevile. Scola alipoanza kutumwa dukani alikuwa anasimama mlangoni na kusema, "Nisamehe, naomba sabuni ya mche." Mwenye duka alimwuliza siku moja kama sabuni hiyo anataka kuinunua au alishaiiba jana. Mtaa mzima ukacheka. Mtoto akasema nisamehe.

Yona ni mvuvi wa dagaa ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hazina kazi mwezi ukiwa mkubwa, kwa hiyo giza likiwepo mitumbwi iko majini, na mbalamwezi ikiingia mitumbwi inafungwa ufukweni Kibirizi na wanaume wanarudi nyumbani. Nyumba ya Honorata ilikuwa na hali mbili za hewa. Wakati wa giza watoto waligombana, waliimba, waligonga masufuria. Mwezi ukianza kunenepa, walipunguza sauti taratibu kama redio inayoishiwa betri. Scola alijua umri wa mwezi kabla hajajua kusoma.

Yona si shetani. Siku ya kwanza anarudi na ndoo ya samaki wa migebuka na utani mwingi, anambeba mwanawe wa mwisho mabegani. Siku ya pili anashona nyavu. Siku ya tatu amekunywa, na kitu chochote kinaweza kuwa sababu: mlango, kijiko, mtoto kupiga chafya. Honorata alitafuta dawa yake mwenyewe. Aliwafokea watoto yeye ili asiwafokee baba yao. Aliwachapa kandambili kwa kosa dogo ili kosa lisikue likafika kwa mwenye mkono mkubwa. Ukimwuliza anasema alikuwa anawaficha. Chuoni, katika ile mihula yangu mitatu ya maendeleo ya jamii, mwalimu alituchorea mtoto katikati ya ubao, akamzungushia duara la familia, duara la mtaa, duara la shule. Kwa nyumba ile angelazimika kuchora na mwezi.

Miaka sita iliyopita Honorata alivunjika mkono wa kushoto. Alisema ameteleza kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Mtaa mzima ulipokea maelezo hayo na kumpa pole, ingawa kila mtu anajua vichanja vya Kibirizi vinamfikia mtu mzima kifuani, na hakuna anayeteleza kutoka kwenye kitu ambacho hajakipanda.

Hiyo ndiyo nyumba. Sasa shule.

Shule sitaitaja. Mwalimu wa taaluma anaitwa Ashraf, mzaliwa wa Ujiji, mtu ambaye Kiswahili alikikuta kinywani na hakuwahi kukitafsiri kutoka popote. Kwake nisamehe ni nisamehe. Si mtu mbaya, alimpenda Scola kwa sababu kila mwalimu anampenda mtoto asiyeongea, akampa kazi ya kufagia ofisi yake asubuhi kabla ya namba, ile hesabu ya wanafunzi mstarini. Jumatatu moja mwishoni mwa Aprili, baada ya mvua kubwa ya usiku, Mwalimu Ashraf aliingia ofisini akakuta bahasha ya mtihani wa pamoja wa Hisabati iko mezani, mdomo wazi. Aliyekuwa na ufagio mkononi ni mmoja tu.

Akamwuliza, "Kwa nini umefungua bahasha?"

Scola akapiga goti. "Nisamehe, mwalimu."

Alimwuliza mara tatu, kwa sauti inayopanda, na kila ilivyopanda ndivyo nisamehe ilivyowahi kutoka. Akapewa karatasi aandike maelezo. Akaandika mstari mmoja kwa ule mwandiko wake mzuri: naomba nisamehewe, sitarudia. Mwalimu Ashraf akaandika chini yake kwamba mwanafunzi amekiri. Barua ikatoka siku hiyohiyo: mzazi afike Ijumaa saa nne, aje na ndugu mmoja, kikao cha nidhamu, pendekezo ni kufukuzwa.

Barua ilimkuta Honorata kwenye vichanja, akigeuza dagaa walionyeshewa, wengine wakiwa wameshaanza kunuka. Aliisoma mara mbili. Akamwangalia mwanawe aliyeileta na kumwuliza kwa nini amefungua bahasha. Unajua alichojibiwa. Kandambili ikafanya kazi yake palepale mbele ya akina mama wenzake.

Mimi nilifika jioni kuomba dagaa wa kukaanga, nikakuta msiba usio na maiti. Nilivyo sina adabu, nilimfuata Scola kwenye jiko nikamwambia, haya bwana, umeshafukuzwa, angalau nidokeze hayo maswali yalikuwaje.

"Sijui, kaka," alisema. "Sikufungua."

Aliniambia kwa sababu mimi hakuna anayeniogopa. Nilimwita mama mdogo. Alimsikiliza binti yake akinirudia mimi lile neno, sikufungua, akakaa chini kwenye kigoda na kushika kichwa. Mtoto hakufungua, na mtoto ameshaandika kwa mkono wake kwamba amefungua. Kilichobaki ni kitu kidogo sana, herufi chache tu, aseme Ijumaa mbele ya watu wazima watatu. Hatukuwa na uhakika hata kidogo kama ataweza.

Tukaanza mazoezi Jumanne, Kibirizi, katikati ya vichanja. Mimi nilipewa cheo cha mwenyekiti wa bodi ya shule, nimekalia ndoo ya rangi. Honorata alikuwa Mwalimu Ashraf. Nilipouliza mimi, Scola alijibu vizuri, tena kwa sentensi nzima. Alipouliza mama yake, goti likashuka lenyewe.

"Nijibu kama unavyomjibu huyu," Honorata alisema.

"Nisamehe, mama."

"Sitaki hiyo. Sema sikufungua."

"Nisamehe, mama, sikusikia."

Akina mama wa kichanja cha pili walicheka mpaka wakamwaga dagaa mchangani. Honorata hakucheka. Kadiri alivyokasirika kwamba mtoto anaomba msamaha, ndivyo mtoto alivyoomba msamaha kwa kumkasirisha. Nimeona mashine ya kusaga ikijisaga yenyewe namna hiyo, ukanda ukiwa umejikunja. Nilimwambia mama mdogo aulize kwa upole. Alijaribu. Sauti yake ya upole haijatumika muda mrefu, ilitoka kama ya mtu anayeongea na mgonjwa mahututi, na Scola akazidi kuogopa.

Jumatano mitumbwi ilifungwa. Yona alirudi na migebuka na utani, na watoto wakashuka sauti. Barua ilikuwa imefichwa kwenye debe la unga wa muhogo. Alhamisi mchana Yona alitaka ugali, Honorata yuko kisimani, akaenda kuchota unga mwenyewe kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Hiyo ndiyo bahati ya nyumba ile.

Hakupiga kelele. Alikuja nayo nje, vidole vyeupe kwa unga, akaisoma polepole mbele yetu sote, akaikunja. Akasema Ijumaa tuende. Akasema mtoto akirudi amefukuzwa, Jumamosi anapanda naye boti ya mizigo, anampeleka kwenye kambi yao ya uvuvi kusini akapike, mpishi wao ameondoka na waliobaki huko wanahitaji kula. Akauliza kama kuna mwenye neno. Honorata, ndio kwanza anarudi kisimani, alitua ndoo.

Kambi hiyo ina wanaume arobaini, vibanda vya nyasi, na safari ya kutwa nzima kwa boti kufika kwenye duka la kwanza. Mpishi aliyeondoka alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na alivyoondoka alikuwa na mimba ambayo wale arobaini wote walisema hawaijui. Honorata anamfahamu mama yake. Usiku ule hakumfokea mtu yeyote, na hilo liliwatisha wadogo kuliko kelele.

Ijumaa saa nne kasoro tulikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Honorata alivaa kitenge cha harusi za watu. Nilimkumbusha Scola mara ya mwisho: wakikuuliza, unasema sikufungua. Akaitikia. Mikono yake ilikuwa inafuta kitu kisichokuwepo kwenye sketi.

Ndani walikuwa watatu. Mwalimu Marcelina, mkuu wa shule, mama mnene wa taratibu. Mzee Bonifasi, mwenyekiti wa bodi, Muha mwenzetu, mstaafu wa reli, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Na Mwalimu Ashraf, amekaa na bahasha mapajani, amechoka usoni kama mtu asiyelala vizuri. Tulipewa viti. Scola hakukaa, alipiga goti karibu na mlango. Mkuu alimwambia akae kwenye kiti, akasema asante, akabaki palepale.

Maelezo yakasomwa. Yalikuwa mafupi hivyo hayakuchukua muda. Mkuu akasema kabla ya kuamua ni haki mwanafunzi asikike, akamgeukia mwalimu wa taaluma.

Mwalimu Ashraf alikohoa. "Scola, hatuko hapa kukuonea. Tueleze tu. Kwa nini ulifungua bahasha?"

Nilimwona anavuta pumzi. Nilimwona mdomo unaanza kutengeneza herufi ya kwanza, na herufi haikuwa ile ya mazoezi.

"Nisamehe, mwalimu."

Mzee Bonifasi alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Mkuu alivuta karatasi yenye nembo ya shule karibu yake na kufungua kalamu. Ilikuwa imekwisha.

Honorata akasimama.

"Scola," alisema, na hakusema kwa sauti ya ofisini. Ilikuwa ile ya nyumbani, ya kandambili. Mwalimu Ashraf alishtuka kidogo kwenye kiti.

"Abee, mama."

"Kwa nini umekata umeme mji mzima jana?"

"Nisamehe, mama."

Mzee Bonifasi alicheka kwa pua, akajizuia. Mkuu wa shule akamwomba mzazi akae. Mzazi hakukaa.

"Kwa nini ulileta mvua Jumapili usiku, ikaniozea dagaa wote?"

"Nisamehe, mama."

Sasa hakuna aliyecheka. Kalamu ya mkuu ilikuwa imesimama. Wote walishaelewa alichokuwa anawaonyesha, na mimi nilishaanza kupumua, nikidhani mama mdogo ameshinda, akae sasa. Lakini alikuwa ameanza kitu na kilikuwa kinamvuta. Alinyoosha mkono wa kushoto, ule unaokunjika vibaya kwenye kiwiko.

"Na mkono huu. Siku ile baba yako ananivunja mkono. Kwa nini ulimfanya anivunje mkono?"

Majibu mawili ya kwanza yalitoka kama kwikwi, bila mtoto mwenyewe kushiriki. Hili halikutoka hivyo. Scola aliinua uso. Aliuangalia mkono wa mama yake, kisha akamwangalia mama yake machoni, kitu ambacho sijawahi kukiona nyumbani kwao.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilikohoa."

Nje mtu alikuwa anapiga kengele ya kipindi na ilipigwa mpaka mwisho. Scola alikuwa na miaka kumi na moja mkono ule ulipovunjika. Miaka sita mtoto huyu amebeba kikohozi.

Honorata alirudi kwenye kiti bila kuangalia kiko wapi, karibu akikose.

Aliyesema ni Mzee Bonifasi. Alimwambia Mwalimu Ashraf, taratibu, kwamba mtoto huyu hajasema nisamehe hata mara moja tangu Jumatatu. Amesema mbabarira.

"Mzee, mimi Kiha sikijui," Mwalimu Ashraf alisema.

"Ndiyo nakwambia."

Mkuu wa shule alisukuma karatasi pembeni. Akaondoka nyuma ya meza, mwili wote ule, akavuta kiti kidogo akakaa karibu na mlango, magoti yake karibu na ya Scola. Hakumwuliza juu ya bahasha. Alimwuliza Jumatatu alianza kufagia upande gani.

Scola alifikiri. Akasema alianza dirishani, kwa sababu maji yalikuwa yameingia. Maji kiasi gani? Mengi, yalitoka kwenye paa pale juu ya pazia, yakashuka ukutani. Chini ya dirisha kulikuwa na nini? Daftari mbili za mahudhurio na bahasha, zimeanguka. Akaokota daftari akazianika kwenye kiti. Bahasha ilikuwa imelowa upande wa gundi, mdomo umejiachia. Akaifuta kwa kitambaa cha kufutia ubao na kuiweka mezani, katikati, pakavu, ili mwalimu aione akiingia. Halafu akafagia maji. Halafu mwalimu akaingia.

Aliyasema yote kwa sauti ndogo lakini bila kukwama, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya nyumbani. Hakuna aliyemkata.

Mwalimu Ashraf alikuwa ameigeuza bahasha mapajani. Hata mimi niliona kutoka nilipokaa: haikuchanika popote. Ukingo wake ulikuwa umekunjamana na una alama ya kahawia, ile inayoachwa na maji ya bati. Alikuwa na nafasi ya kunyamaza, na nilimtegemea anyamaze.

"Niliiacha dirishani mimi," alisema. "Ijumaa. Nilikuwa nawahi Ujiji, kabati liko hapo na ufunguo ninao, nikaiacha dirishani."

Mzee Bonifasi alimgeukia Scola na kumwuliza kwa nini hakuyasema hayo tangu Jumatatu. Aliposikia mwenyewe alivyoanza swali lake alisita, akataka kulirudisha. Scola alishashusha kichwa. Honorata alikuwa amekamata ukingo wa meza.

"Mwalimu hakuniuliza kama nimefungua," Scola alisema akiangalia sakafu. "Aliniuliza kwa nini."

Mkuu wa shule aliandika kwamba mwanafunzi hana shauri la kujibu na mtihani ataufanya pamoja na wenzake ukishachapwa upya. Mwalimu Ashraf alisimama, akaja mpaka mlangoni, akamwambia Scola samahani. Mtoto aligeuka nyuma kuangalia anaambiwa nani.

Tulirudi kwa miguu. Mimi nilikuwa nataka kuimba, lakini wenzangu hawakuwa na sura za ushindi, na tulipokaribia reli nilikumbuka kwa nini. Yale ya mkono yalikuwa yamesemwa mbele ya watu watatu, na mmoja wao anasali kanisa moja na kaka yake Yona. Honorata alisimama akamwambia binti yake kwamba habari ya shule tutaisema, ya mkono iishie kule.

Scola aliendelea kutembea hatua mbili tatu. Kisha akasema, bila kugeuka, kwamba baba atasikia tu, na akisikia kwa watu itakuwa mbaya zaidi. Bora asikie kwao.

Nilimwangalia mama mdogo miguuni. Kandambili zilibaki zimevaliwa. Alisema basi atasema yeye, na Scola akae kwangu mpaka yaishe.

"Nitakaa hapohapo, mama."

Yona alikuwa barazani anashona wavu, uzi umezunguka kidole gumba cha mguu. Ilikuwa siku yake ya tatu, na chupa ilikuwa karibu, lakini haijafika nusu. Wale wadogo wawili walikuwa ndani, kimya. Honorata hakukaa. Alisema mtoto amebaki shuleni, bahasha ililowa na mvua, mwalimu amekiri mwenyewe. Yona alisema sawa, vizuri, akaendelea kushona.

"Na nimesema mbele yao kwamba mkono huu uliuvunja wewe."

Sindano ilisimama. Aliuliza walikuwepo nani. Honorata alimtajia, mmoja baada ya mwingine, hata mimi. Yona akauliza mtoto alisema nini. Kulikuwa na ndoo karibu nami na nikajikuta nimeishika, sijui nilitaka kuifanyia nini.

"Nilisema nilikohoa," Scola alisema. Alikuwa amesimama. "Siku ile. Ulikuwa umelala, nikakohoa, ukaamka."

Yona alimwangalia kama mtu anayesikia lugha ya Kongo redioni, anasikia sauti na hapati maana. Kisha ikamfika. Niliona inavyomfika, ilianzia mdomoni ikapanda. Akainuka, na sisi watatu tukarudi nyuma hatua moja kwa pamoja, kama tumeamriwa. Hakuja kwetu. Aliutoa uzi kwenye kidole, akaingia ndani, tukasikia begi linafunguliwa na kufungwa. Alitoka na koti lake la mvua, akapita katikati yetu. Chupa aliiacha.

Kesho yake boti ya mizigo iliondoka Kibirizi na yeye peke yake. Mwezi ulikuwa mzima, hakuna mvuvi mwenye akili anayekwenda kambini wakati huo, na wabeba mizigo walimtania kwamba anakwenda kuvua jua.

Jumapili Honorata aliwakalisha wadogo wawili kwenye mkeka, akawauliza kwa ile sauti yake ya mgonjwa mahututi, ambayo sasa inaanza kuzoeleka, kama wanakumbuka habari ya mkono wa mama. Akawaambia wasiogope, anataka tu kujua. Leonia, mwenye miaka kumi, alisema yeye alikuwa amemwaga uji. Mdogo wa mwisho, ambaye mwaka ule alikuwa bado tumboni, alifikiri sana, akasema yeye ndiye aliyeacha mlango wazi.

Honorata akaniomba nitoke nje kidogo.